Mahali Panapoonekana Maji Mawili

Siku niliyomwambia bibi yangu kwamba bahari ya kwao imekauka naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Hilo la pili usimpelekee bibi yako jikoni. Masikio yake bado ni mazima, na chai ya leo sijainywa.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulipofika kutoka Korogwe ulinipa shikamoo nzuri, ukanikabidhi mkate na sukari, ukaketi. Nikakuuliza milima umeiachaje. Ukasema, "Ipo tu, Babu." Nikakuuliza mto, ukasema kawaida. Nikakuuliza shamba la mkonge la hapo njiani, kama pori bado limelifunika au wamelifyeka, ukasema hukuangalia, bodaboda alikuwa anakimbiza. Nilichukia kidogo, ila sikukuonyesha. Lakini nimeamka nalo moyoni, na kwa kuwa mvua hakuna na haraka hakuna, vuta hicho kigoda nikueleze.

Mimi sikuzaliwa hapa Mnyuzi, unajua. Hapa nilifuata kazi ya mkonge, kisha nikamfuata bibi yako. Kwetu ni Kang'ata, kule Handeni, ambako mto ukikauka watu wanachimba mchanga ili wapate maji, na ng'ombe wanasimama pembeni wakisubiri zamu yao. Nililelewa na mama yake mama, Bibi Mwanaidi. Kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo sikumbuki kama aliwahi kuniita jina langu. Nilikuwa "mume wangu" tangu natambaa. Nikichelewa kurudi na mifugo nilikuwa "mume wangu mzururaji." Nyama ikipatikana alisema anampikia mumewe, na babu mwenyewe alikuwa anacheka tu, akingoja afikiriwe.

Bibi huyo hakuzaliwa Kang'ata. Mama yake ndiye aliyekuwa wa Kang'ata, akaolewa na mvuvi mbali kabisa, upande wa Pangani, kwenye rasi. Rasi ni pale nchi kavu inapojichongoa na kuingia baharini. Hiyo ya kwao ilikuwa ya mawe, na nyumba zake chache. Mama yule alifariki Bibi akiwa mtoto mdogo, akazikwa hukohuko. Na kwa kuwa kwetu Uziguani mjomba ana sauti kwa mtoto kuliko mtu mwingine yeyote, wajomba wakaja wakamchukua. Hakurudi tena. Kwanza alikuwa mtoto, baadaye akawa mke wa mtu, baadaye akawa na watoto wa kulea, kisha macho yakaanza kuingia ukungu, na mwishowe akawa haoni kabisa.

Hapo ndipo alipoanza kusema anataka kufika kwenye kaburi la mama yake kabla hajamfuata. Wajomba zangu, yaani watoto wake, walimsikiliza kwa adabu, kila mmoja akatafuta sababu ya kukataa. Safari ni ndefu. Kaburi halikuandikwa. Baba yake alikwishakufa, jamaa wa kule wametawanyika, nani atalionyesha? Yeye akawajibu kwamba analijua. Siku ya maziko baba yake alikuwa amembeba mabegani, na kutoka pale juu aliona maji kulia na maji kushoto, na karibu yao ulikuwepo mkwaju. Mahali panapoonekana maji mawili, basi. Hakuwa na kingine zaidi ya hicho.

Walinichagua mimi nimpeleke. Usidhani ni kwa busara yangu. Nilikuwa kijana kama wewe, sina mke, sina shamba, na nilikuwa nakula sana. Walifurahi kunipunguza nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Bibi amepiga magoti kwenye ule uwanja ilipokuwa nyumba ya wazazi wa mama yake. Alikwangua udongo kwa vidole, ule mwekundu wetu, akaufunga kwenye pindo la kanga kwa fundo gumu. Sikuuliza. Tukapanda basi hadi Handeni mjini, tukabadilisha, tukafika Pangani jua limeshuka, tukalala kwa jamaa wa mbali. Asubuhi yake lori la kubeba nazi likatupeleka hadi barabara ilipoishia. Dereva akatuambia atapita tena saa kumi alasiri, na asipotukuta hatangoja. Bibi akamwambia asante mwanangu. Nilijua, na yeye alijua, kwamba wajomba hawatatoa safari ya pili.

Sasa sikiliza kosa la mtu wa bara. Nilitegemea kuona maji mengi, maana nilikuwa nasikia habari za bahari tangu mdogo. Tulipotokea pwani nikaona mchanga. Mchanga umelala mbali kabisa, una makunyanzi, una madimbwi, na nyasi za majini zimelala chini, na maji yenyewe ni mstari mweupe kule mwisho. Mimi mto mkavu naujua. Mto wa kwetu ukikauka umekauka hadi mvua, unaweza kulaza mbuzi katikati yake. Nikamwonea Bibi huruma, nikamshika bega nikamwambia kwa upole, "Bibi, bahari yenu imekauka."

Alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Akasema maji yametoka kutembea, yatarudi, na mimi nisiwe mjinga wa kuacha kitu mchangani. Lakini nilikuwa nimekwishavua katambuga zangu, nikaziweka juu ya jiwe dogo huko chini ili zisiingie tope, na sikuona sababu ya kuzirudia.

Tukaanza kupanda rasi. Nyumba hazikuwepo tena, hata kuta. Tulimkuta mama mmoja anaokota chaza, akatupa pole, akasema wazee wa hapo walihamia barabarani siku nyingi na yeye ni mgeni, makaburi hayajui. Akaendelea na kazi yake. Tukabaki wenyewe, mimi mbele, Bibi nyuma ameshika shati langu, na lile jiwe la pwani lina makali, linakata mguu hata ukikanyaga polepole.

Kila baada ya muda Bibi alikuwa anasimama ananiuliza naona nini. Nikamwambia mawe tu. Tukasogea, akauliza tena, nikamwambia vichaka tu. Tukafika penye mkwaju. Nikamwambia kuna mkwaju hapa. Akanishika mkono kwa nguvu. "Na maji?" Nikageuka kulia, nikaona bahari. Nikageuka kushoto, nikaona hakuna. Nikamwambia maji yako upande mmoja tu, siyo huu, twende mbele. Akauachia mkono wangu, tukaenda mbele.

Tulikwenda hadi ncha kabisa, pale ambapo ukitupa jiwe linaanguka majini. Hakukuwa na mti hata mmoja. Upepo ulikuwa unavuta kanga yake, jua limepita utosini, na mimi nina njaa, na nilikuwa nimeanza kuwaza lori. Bibi akaketi juu ya jiwe. Akauliza mara ya mwisho, naona nini. Nikamjibu kama mtu aliyechoka, "Bibi, huku hakuna kitu. Ni mawe na maji basi."

Akalitafuta lile fundo kwenye pindo la kanga, akaanza kulifungua. Nikaelewa anataka kuumwaga udongo papo hapo, popote tu, ili turudi. Fundo lilikuwa gumu na vidole vyake vilikuwa vinateleza, na nikaona machozi yanashuka bila sauti. Mwanangu, nimezika watu wengi, nimefukuzwa kazi, nimekaa na njaa. Kitu kilichonichoma kuliko vyote ni kumwona yule mzee anahangaika na fundo lile kwa sababu ya uvivu wa macho yangu.

Nikamzuia mkono. Nikamwambia samahani. Hakuitaka samahani. Alinigeuzia uso, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Mume wangu, mtamba wa mjomba wako alipopotea, ulikwenda kwa Wamasai ukawaambiaje? Uliwaambia mmeona ng'ombe?"

Nikasema hapana. Kwetu mnyama akipotea unapita boma kwa boma unamtaja jinsi alivyo, na mtu akikuuliza unajibu bila kubahatisha. Niliwaambia mtamba mwekundu, ana baka jeupe ubavuni lililofika hadi kwenye kiwele, pembe la kushoto limeinama, sikio la kulia lina mikato miwili, na akitembea anavuta mguu wa nyuma.

"Ukampata?"

Nilimpata. Mzee mmoja alikuwa hajaliona baka wala pembe, alimwona jioni nyuma ya wengine, lakini mguu ule aliukumbuka.

"Basi," akasema, "mimi mahali pangu pamenipotea, na macho ninayo haya yako. Tangu asubuhi unaniambia kisichokuwepo. Niambie kilichopo, nitajua mwenyewe kama ni pangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi dukani. Ndiyo maana iliniingia.

Nikamwinua, tukarudi nyuma polepole, na safari hii nikawa nautaja ule mwamba kama mtamba aliyepotea. Nikamwambia jiwe hapa ni la kijivu, lakini likivunjika ndani yake ni jeupe, na lina matundu ambayo kidole kinaingia. Nikamwambia ukingo wa upande wa bahari umeliwa chini, juu umetokeza, mtu angeweza kuketi kivulini huku maji yakimpita miguuni. Kuna ufa, na ndani ya ufa kuna kaa wekundu wanaotutazama kisha wanajificha. Kuna mti mfupi wenye majani manene, umeota juu ya jiwe tupu, sioni udongo wake uko wapi. Kuna ndege mweupe kichwani na kifuani, mgongo wa kahawia, amekaa juu ya gogo kavu anatazama chini. Bibi akanitajia jina lake, furukombe, na akasema baba yake alikuwa akimwona anajua samaki wapo.

Nikawa naona vitu ambavyo nilivipita asubuhi. Haikuwa kwamba vimeongezeka. Vilikuwepo vyote, ila asubuhi nilikuwa natafuta kimoja tu, na kila kisichokuwa hicho nikakiita mawe. Na ninakiri nilianza kuipenda ile rasi. Ilikuwa kali, haina mahali pa kulima hata tuta moja, lakini kila kitu kilichoishi pale kilikuwa kimeshikilia kwa nguvu zake zote.

Tukafika tena kwenye mkwaju. Nikamwambia shina lake limepinda, na matawi yote yameelekea bara, upande wa bahari hauna hata tawi. Akaniambia niendelee. Kulia bahari, nikamwambia, ya kijani karibu na ya bluu mbali, imesogea kuliko asubuhi. Akaniambia niendelee. Kushoto nikataka kusema hakuna kitu. Neno lilishafika mdomoni, nikalimeza.

Nikamwambia kushoto kuna bonde dogo la tope jeusi. Tope lina mifereji mingi inayopindapinda. Kuna miti imesimama juu ya mizizi yake, mizizi imetoka nje kama miguu ya kigoda, na yote imepakwa tope hadi kimo kimoja, hapo juu ni safi.

Bibi akasimama wima.

"Kimo kimoja?"

Kimo kimoja, nikamwambia, miti yote.

"Hiyo ni mikoko, mume wangu. Na hilo tope lililoishia kimo kimoja ni alama ya maji. Hayo ndiyo maji ya pili. Yametoka tu."

Sikungoja aniambie. Nikapiga magoti chini ya mkwaju, nikaanza kufukua majani makavu kwa mikono. Majani ya mkwaju ni madogo, yalikuwa yamejaza kila shimo. Chini yake nikagusa jiwe, nikagusa lingine pembeni yake. Yalikuwa mawe meupe ya pwani, yamepangwa, yamezama hadi yamebaki migongo tu. Upande mmoja yalikuwa yameachana kwa sababu mzizi ulipita katikati. Nikayafuata kwa kiganja hadi yakakutana tena. Kaburi lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani.

Nilimshika Bibi mkono nikamkalisha, nikauweka mkono wake juu ya jiwe la kwanza, akayapitia yote mwenyewe. Alisoma dua. Kisha akazungumza na mama yake kwa Kizigua, na hayo mwanangu sikwambii, hayakuwa yangu. Alipomaliza fundo la kanga lilifunguka bila taabu. Akaumwaga udongo wa Kang'ata katikati ya yale mawe, akausambaza kwa kiganja. Halafu akaniuliza unaonekanaje.

Nikamwambia ni mwekundu sana, kwa sababu kila kitu pale ni cheupe au kijivu. Nikamwambia mtu akipita atashangaa umetoka wapi. Akatabasamu. Akasema, "Sasa ameletewa kwao."

Hatukuondoka mara moja. Aliniomba nimwambie maji yanavyoingia kwenye mikoko, na yalikuwa yameanza. Nilimwambia yanakuja bila kelele, yanapita kwanza kwenye mifereji ile inayopindapinda, mifereji inajaa, tope linapotea kidogokidogo, miguu ya miti inazama, na yanasimama palepale tope la mizizi lilipoishia. Nikageuka kulia nikaona maji. Nikageuka kushoto nikaona maji. Nilikuwa nimesimama alipokuwa amesimama baba yake akiwa amembeba, na nikalia waziwazi, mimi niliyekuwa najiona mwanamume. Bibi akaniambia nisilie sana, lori litatuacha.

Halikutuacha. Ila katambuga zangu zilikwenda na maji, na lile jiwe dogo nililoziweka juu yake sikuliona tena. Nilipanda lori miguu mitupu, dereva akacheka, Bibi akamweleza kwamba mumewe alidhani bahari imekauka. Alilisimulia jambo hilo Kang'ata nzima hadi nikaona haya kupita sokoni.

Baada ya hapo, jioni nyingi alikuwa ananiambia nimpeleke tena, naye yuko kwenye mkeka wake. Maana yake nimsimulie. Nilikuwa naanzia barabara ilipoishia, nampitisha kwenye kaa, kwenye furukombe, kwenye mti wa majani manene, hadi mkwajuni. Na ajabu ni kwamba kila mara nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimekisema. Tulikuwa hatujaimaliza ile rasi alipofariki, masika iliyofuata.

Sasa mwanangu, zamu imegeuka. Daktari amesema jicho hili moja huenda likasafishwa, hili lingine limeshafunga. Siombi unionee huruma, nimekwishaona mengi. Lakini ninapokuuliza milima umeiachaje, sitafuti cha kusema ili muda upite. Nimeitazama ile milima ya Usambara kutoka kwenye mlango huu tangu nilipooa. Naijua wingu likikaa bega gani mvua inakuja, naijua moshi ukitoka wapi wanachoma shamba. Ukinijibu "ipo tu" unanifungia dirisha, na hujui hata kwamba umelifunga.

Na si kwa ajili yangu peke yangu. Utakwenda mahali, utapangiwa kazi pakavu kama Kang'ata au kwenye mawe kama kule rasini, na jioni ya kwanza utawapigia simu wenzako useme huku hakuna kitu. Jihadhari na neno hilo. Mara nyingi ni wewe uliyefika maji yametoka. Kaa kwanza. Taja kilichopo, kimoja kimoja, rangi yake na sikio lake na anavyotembea, kama mtu anayetafuta mali yake. Hata kama wewe huoni maana yake, msimulie mwingine kama kilivyo, maana huenda yeye ndiye aliyekipoteza. Na watu pia uwatazame hivyo. Mke utakayemwoa, mzee utakayemkuta kazini, mtoto wako mwenyewe. Usimwambie mtu alichokosa kabla hujajua alichonacho.

Mungu akupe macho ya kudumu, mwanangu, na akupe uvumilivu wa kuyatumia. Akupeleke mbali na akurudishe. Na ukifika uzee wangu, akupe mjukuu asiyekujibu kwa mkato. Amina.

Haya, inuka ufungue mlango huo wa upande wa milimani. Bibi yako bado hajaleta chai, tuna muda. Anzia kushoto, polepole. Unaona nini?